Sentimita Tisa za Ubao wa Juu

Salma, wewe na wenzako mnaobaki kazini mmeniomba niandike mambo ya zamani ya mfereji, ya siku za daftari na penseli. Nimekubali kwa shingo upande. Elimu yangu ni darasa la saba, na mengi niliyoyafanyia kazi sikuyaelewa mpaka mwisho. Nitakapokosea, Profesa Lazaro yupo, mwulizeni. Vyeo na mshahara siandiki, havitawasaidia. Ila kuna jambo moja nililolipita kila nilipowafundisha, na safari hii sitalipita. Nitalifikia kwa mpangilio wake, maana nikianza nalo mtaacha kusoma mengine, na mengine yana faida.

Nilianza kazi nikiwa na Paulina mgongoni. Nilikuwa nauza chai na maandazi karibu na kichwa cha mfereji, hapa hapa Mang'ola, pale maji yanapochomoza chini ya mawe baada ya kusafiri chinichini kutoka misitu ya Ngorongoro. Hapakuwa na waya wala kifaa, ila zege kidogo na kelele za wakulima wa vitunguu wakigombea zamu. Siku moja akaja kijana mwembamba mwenye miwani, kompyuta imo kwenye begi la shule, akanywa vikombe vitatu vya chai huku ameukodolea macho mfereji kama mtu anayeudai jibu.

"Mama, unajua kusoma namba?" akaniuliza.

"Chenji yako nimekurudishia sawasawa?"

Akaihesabu. "Sawasawa."

"Basi."

Huo ndio usaili wangu wote. Huyo alikuwa Lazaro. Alikuwa akisomea udaktari wa hesabu, na sisi tulimwita Dokta kabla hajawa. Alikataa kwa mwezi mmoja hivi, kisha akazoea.

Mimi nilidhani hesabu ni za ubaoni tu. Nikamwambia za kwetu ziliishia kwenye tangi: bomba moja linajaza, jingine linatoa, tangi litajaa baada ya saa ngapi. Sikuwahi kuelewa kwa nini hakuna anayelifunga lile bomba la pili. Dokta akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mimi kazi yangu yote ni tangi hilo hilo," akasema. "Ila nimeyapanga mengi, moja baada ya jingine, toka kichwani mpaka mkiani. Linachotoa hili, lile linapokea."

Akauchora mfereji kwenye karatasi, akaukata vipande vipande kama muwa. Kila kipande alikiita kisanduku. Kompyuta inakiuliza kila kisanduku: umepokea kiasi gani kwa jirani wa juu, umempa kiasi gani jirani wa chini, umebaki na nini? Ikivimaliza vyote inasogeza saa kidogo, inaanza kuuliza upya. Hiyo ndiyo hesabu ya mwendo wa maji kama nilivyoielewa mimi, na huenda nimeielewa nusu. Wenzake chuoni walihesabu upepo kwenye mabawa ya ndege, wakamtania kuwa yeye ni daktari wa mitaro. Aliwajibu kwamba kanuni ni zilezile, tofauti ni kwamba ndege haigombewi na wakulima.

Kompyuta yenyewe haijui kitu mpaka ilishwe. Chakula chake kilikuwa namba zetu. Tulikuwa na mbao mbili za kupimia kina, kila moja ni bati lililopakwa rangi na kuchorwa mistari ya sentimita, limefungwa kwenye nguzo ya mti. Ubao wa juu ulikuwa kichwani mwa mfereji, niliusoma mimi asubuhi na jioni. Ubao wa chini, kule mkiani, aliusoma mwenzangu mmoja ambaye sasa ni marehemu, na nitamke mapema kwamba hana kosa lolote katika nitakayosimulia.

Chini ya ubao wa juu, kwenye sakafu ya zege, Dokta alizamisha bolti. Sifuri ya ubao ikakaa sawa na kichwa cha bolti. "Ubao ni bati, utagongwa," alisema. "Bolti ndiyo inayokumbuka." Sheria zake nyingine zilikuwa mbili. Ingia majini, usisome ukiwa umeinama ukingoni kwa kuogopa kulowa. Na ukikosea namba usifute. Kata mstari mmoja tu, namba ya zamani iendelee kuonekana, andika mpya pembeni, na sababu yake uiandike kwenye safu ya maelezo. Tuliandika kwa penseli kwa sababu wino ukilowa unakimbia. Raba alizikusanya zote siku ya kwanza akazitia mfukoni. Nadhani bado anazo.

Kwa kupima mwendo tulikuwa na panka ndogo ya shaba kwenye fimbo. Maji yanaizungusha, inabofya sikioni, nawe unahesabu mibofyo. Ilipoharibika, na iliharibika mara nyingi kuliko ilivyofanya kazi, tulitumia vitunguu. Kitunguu kizuri kwa kazi hii huzama karibu chote, kinaacha upara tu juu, kwa hiyo upepo haukisukumi. Kijaribuni kwanza kwenye ndoo, maana vingine huzama kabisa. Unakitupa, unafuata ukingo na saa mkononi. Mnaosoma kwenye simu msicheke. Siku simu zikizima, vitunguu vitakuwepo.

Miaka ile ya mwanzo tulizunguka pia na Land Rover ya kuazima kwenda kupima vijito vya wafugaji, Soitsambu, hata Enguserosambu. Kule Soitsambu mama mmoja wa Kimaasai alisimama na ng'ombe wake akatutazama tukirusha vitunguu majini, kimoja baada ya kingine.

"Mnapika mto?" akauliza.

"Tunapima mwendo, mama," Dokta akajibu.

"Wa kitunguu?"

"Wa maji."

"Ng'ombe wangu wanaujua. Wakikataa kuvuka, umezidi."

Dokta aliandika hayo daftarini, kwa penseli, akamwuliza jina lake kwa adabu. Alikuwa hivyo. Hakuwahi kumdharau mtu kwa kuwa hana cheti, mimi nikiwa shahidi wa kwanza.

Nakumbuka pia siku programu yake ilipolipuka. Tulikuwa Karatu, kompyuta imeunganishwa kwenye betri ya gari. Mfereji wetu ni wa magotini, lakini kwenye kioo maji yalianza kupanda, yakafika kiunoni, yakawa marefu kuliko ukuta wa Kreta ya Ngorongoro, kisha yakashuka chini ya sifuri, jambo ambalo hata shetani hawezi kulifanya. Nikadhani tumeiharibu kompyuta. Dokta akapangusa miwani. "Saa nimeisogeza kwa hatua ndefu mno," akasema. "Maji yamevuka kisanduku kizima bila kuulizwa. Ukiacha kuuliza mara moja tu, kosa linajizalia." Akapunguza hatua, maji yakarudi magotini.

Sasa nimefika.

Ilikuwa kiangazi, Paulina ameshaanza shule. Mtoto wa dada yangu alikuwa anapata kipaimara Karatu, nikaondoka kwenda kanisani bila kuaga kazini. Ningeomba ruhusa ningepewa. Sikuomba kwa sababu nilijua ni siku moja. Lori la vitunguu nililopanda kwenda lilikuwa lirudi jioni yake, halikurudi, nikakaa siku tatu. Sitasema nilikuwa na huzuni huko. Nilikula pilau na nilicheza.

Niliporudi nilikuta ubao wa juu umelala kifudifudi kwenye tope. Ng'ombe walikuwa wameshuka kunywa. Siwalaumu wenye ng'ombe. Njia yao ya maji ndiyo iliyokatwa na mfereji, na hakuna aliyewajengea birika. Vilevile, katika siku hizo tatu, wakulima walikuwa wamesafisha chemchemi, wametoa magugu yote, na kila niliyekutana naye aliniambia maji yataongezeka.

Ningeandika "ubao umeanguka", ningeulizwa umeanguka lini, na mimi sikujua lini. Hilo ndilo lililonishinda, sentensi moja. Basi nikausimamisha mwenyewe. Bolti ilikuwa chini ya tope, na kulifukua tope lile ilikuwa kazi ya dakika kumi. Badala yake nikaangalia ule mstari mweupe wa magadi ambao maji huacha kwenye zege. Miezi yote nilikuwa nimeuona umelingana na arobaini. Nikaiweka arobaini kwenye mstari mweupe, nikakaza misumari. Sikufikiri kwamba kiangazi maji hushuka, na magadi huchora mstari mwingine chini ya ule wa zamani, mweupe zaidi kwa kuwa ni mpya. Ule wa zamani ng'ombe walikuwa wameshaufuta kwa mbavu zao.

Kabla sijaondoka, maji yalikuwa 33. Sasa ubao ulisema 42. Nikajiambia, ni chemchemi iliyosafishwa. Siku zangu tatu zilikuwa tupu daftarini, nikazijaza 35, 38, 40, kama ngazi, ili maji yaonekane yamepanda taratibu. Nilijisikia fundi.

Baada ya wiki chache Dokta alikuja, akakaa na madaftari mawili magotini.

"Mama Paulina, juu maji yameongezeka sana. Chini hayajaongezeka hata kidogo."

"Wamesafisha chemchemi, Dokta."

"Nimesikia. Ubao uliguswa?"

"Haukuguswa."

Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Yeye akaandika kitu, akafunga daftari.

Kati ya ubao wa juu na ubao wa chini kulikuwa na mlango mmoja tu wa kuchepushia maji, na ulikuwa wa Petro; milango ya wengine wote ilianzia mbele ya ubao wa chini. Niwaeleze Petro alikuwa nani. Alikuwa mkulima wa makamo, mwenye sauti ndogo na ubishi mkubwa. Zamu ya mwenzake ikizidi hata kwa muda wa kuvuta sigara, alikuwa anakuja na saa yake ya mkononi kuonyesha. Kwa hiyo watu wengi walikuwa hawampendi, na walikuwa na sababu zao. Mwezi uleule alikuwa amefyeka kipande kipya cha shamba.

Kamati ya mfereji iliitisha mkutano, Dokta akaombwa aeleze. Alieleza kwa uangalifu, hilo nalishuhudia. Alisema hesabu inaonyesha maji yanapotea kati ya mbao mbili.

"Yanapotea," akarudia. "Sijasema yanaibwa. Yanaweza kuwa yananywewa na mchanga."

Mwenyekiti wa wakati ule alisimama. "Dokta, mchanga haulimi vitunguu," akasema, na watu wakacheka.

Petro naye akasimama. "Mlango wangu nafungua zamu yangu, nafunga zamu yangu. Saa hii hapa."

"Saa yako tunaijua," mtu akamrushia. "Lete ndoo yako."

Walicheka tena. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na kikapu changu. Ili niwe mkweli pande zote: siku ile sikujua kwamba ubao umekaa vibaya. Nilijua tu kwamba nimedanganya. Nilidhani hayo ni mambo mawili tofauti.

Wakaamua mlango wa Petro uzibwe msimu mzima. Kila kaya ikaleta mawe, wakaziba kwa mawe na saruji mbele yake. Kesho yake nilishuka mkiani kumwuliza mwenzangu ubao wa chini umepanda kiasi gani.

"Haujapanda hata nukta," akasema. "Labda kesho."

Nilirudi juu nikiwa na baridi mwilini, na Mang'ola hakuna baridi. Nikakata kijiti. Nikaingia majini, nikafukua tope kwa mikono mpaka nikagusa bolti, nikapima kutoka bolti hadi uso wa maji, kisha nikakilinganisha kijiti na ubao. Tofauti ilikuwa sentimita tisa. Maji hayakuwa yamepotea. Hayakuwahi kuwepo.

Hapo ndipo ningeweza kwenda kwa mwenyekiti. Kutoka pale hadi kwake ni mwendo mfupi kuliko kutoka kichwani hadi mkiani. Nilichofanya ni hiki. Niliupandisha ubao sentimita tatu siku ile, tatu kesho yake, tatu keshokutwa, mpaka sifuri ikarudi kwenye bolti. Kwa tatu tatu, ili daftarini maji yashuke taratibu kama yalivyopanda. Nilifikiri nasahihisha. Nilifikiri hesabu ikishakuwa sawa, na watu watakuwa sawa.

Lakini angalieni walichokiona wao. Mlango wa Petro umezibwa, na wiki hiyohiyo upotevu wote umekwisha. Kiangazi juu maji yanashuka, chini hayashuki, maana yake yaliyokuwa yanaibwa sasa yanafika. Kwenye kompyuta ya Dokta ule upotevu ulikatika kama uzi. Kabla ya hapo Petro alikuwa mshukiwa. Mimi, kwa kurudisha ubao mahali pake, ndiye niliyemfanya mwizi.

Vitunguu vyake vilikauka vikiwa vya ukubwa wa kidole. Alikuja kunywa chai kwangu mara ya mwisho, wengine wakasogea kumpisha, na si kwa heshima.

"Mama Paulina," akaniambia, "wewe unasoma ubao kila siku. Unaona nini?"

"Naona namba tu, baba."

Akalipa, akaaga. Wiki ile alihama na familia yake kwenda juu, Karatu.

Dokta akaandika makala yake kuhusu upotevu ule, ikachapishwa, akawa Dokta kweli, baadaye Profesa. Mwishoni mwa makala alinishukuru kwa jina, kwamba daftari la msoma ubao wa juu halikukosa siku hata moja. Alinitolea nakala, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro. Niliungama kwa padre. Alinipa sala, akaniambia pia niende kwa mwenyewe. Sala nilisali.

Miaka mingine yote niliyobaki kazini nilifanya kazi vizuri, mtaniwia radhi kwa kujisifu. Sikukosa siku tena. Wanafunzi wa Profesa walikuja mmoja baada ya mwingine, nikawafundisha kuingia majini. Kila mmoja nilimwonyesha bolti. Mkanisifu kwa ukali wangu juu ya bolti, mkaiita bolti ya Mama Paulina. Mlipofunga vifaa vyenu vitatu vinavyotuma namba kwenye simu, kile cha kati mkakipa jina la mahali kama linavyotamkwa na watu: Kwa Mwizi. Salma, uliniuliza siku hiyo kwa nini panaitwa hivyo. Nikakwambia ndivyo tulivyopakuta. Mimi nilipakuta panaitwa kwa Petro.

Siku mliyoniaga nilipostaafu, Profesa alikuja na makala ile, akasimama akasoma ile sentensi ya kunishukuru. Mkapiga makofi. Nilikula chakula chenu bila kukionja. Asubuhi yake kabla hajaondoka nilimfuata alikolala, nikaweka daftari la mwaka ule mezani, nikamwambia yote kama nilivyoyaandika hapa, hata pilau.

Akafungua kompyuta, akatafuta programu ya zamani kwa muda mrefu, akaniuliza tarehe, akaniuliza ngazi, akatoa sentimita tisa. Akabonyeza. Kwenye kioo mistari miwili, ule wa hesabu na ule uliopimwa mkiani, iliyokuwa imeachana miaka yote hiyo, ikalaliana.

"Hapakuwa na upotevu," akasema.

"Hapakuwa."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza, Profesa. Nikakudanganya."

Akavua miwani. "Nilikuona unaangalia chini. Nilikuona kabisa. Ningeleta levo, ile darubini ya kupimia usawa, ni kazi ya saa moja, tungejua. Sikuileta kwa sababu upotevu ule ulinipendeza. Mahali pamoja, tarehe moja, safi. Nilikuwa natafuta kitu cha kuandikia makala."

Nikamwambia asijitwishe mzigo wangu. Akasema hajitwishi wangu, anabeba wake. Atawaandikia wenye jarida lililoichapisha makala ile. Nikauliza watamfanya nini. "Mwakani nami nastaafu," akasema. "Watanifanya nini."

Petro anaishi kwa binti yake Karatu, barabara ya kwenda Endabash. Ni mzee sasa. Nilimkuta amekaa kibarazani akichambua maharage, saa ya mkononi bado anavaa. Alifanya kazi ya ulinzi kwenye lodge ya watalii mpaka nguvu zilipoisha.

"Mwizi wa maji," aliniambia huku akicheka kidogo, "wazungu wakampa funguo za stoo."

Nikamweleza. Sikukaa kwenye kiti alichonipa. Alisikiliza bila kuacha maharage.

"Kiasi gani?" akauliza nilipomaliza.

"Sentimita tisa, baba."

Akapima hewani kwa dole gumba na kidole cha shahada. "Hivi?"

"Punguza kidogo."

Akapunguza. Akautazama ule uwazi. "Sikiliza, Mama Paulina. Kuiba niliiba. Kila mtu wa mfereji ule ameiba, siku mbili tatu, mtoto anapoumwa au mbegu inapokauka. Lakini si hivi." Bado ameinua vidole. "Hivi ni shamba zima."

Nikamwambia nitaomba mahali pale paitwe tena kwa Petro, hata kwenye simu zenu.

"Usinirudishe kwenye mfereji," akasema. "Mfereji ulinitosha. Ila walinisomea mbele za watu. Na wewe kasome pale pale."

Nilisubiri aseme amenisamehe. Hakusema, na sikumwomba. Binti yake alinisindikiza hadi barabarani.

Nilisoma. Salma ulikuwepo, kwa hiyo haya unayajua, lakini wenzako hawakuwepo. Kabla ya mkutano nilifungua lile daftari. Nikazikata 35, 38 na 40 kwa mstari mmoja mmoja, zikiendelea kuonekana, na kwenye safu ya maelezo nikaandika kwa penseli: Sikuwepo. Ubao ulianguka. Niliusimamisha kwa macho. Hayo ndiyo niliyoyasoma, kisha nikaeleza ya zile tatu tatu.

Mwenyekiti wa sasa ni kijana mwenye heshima. "Asante, bibi," akasema. "Hayo ni ya zamani."

"Petro gani huyo?" mtu akauliza nyuma. Wengi hawakuwa wamezaliwa.

Ndipo mama mmoja mzee wa pembeni, ambaye sikujua kama bado anasikia, akasema, "Mimi nilibeba mawe mawili." Akatanua mikono. "Makubwa." Wakaendelea na ajenda ya zamu.

Kesho yake uliniomba nikuonyeshe mlango wa zamani ulikuwa wapi hasa, ili uuweke kwenye ramani yenu. Magoti yangu hayatembei tena ukingo wote, nikasimamisha bodaboda. Dereva alikuwa mtu mzima, ndevu zina mvi.

"Wapi, mama?"

"Kituo cha kati cha mfereji."

"Sikifahamu."

"Palipokuwa na mlango wa Petro. Uliozibwa."

"Petro yupi?"

Nikamweleza kona, nikamweleza daraja la magogo, nikamweleza kifaa chenu cheupe juu ya nguzo. Akanisikiliza kwa uvumilivu, kisha uso wake ukafunguka.

"Si useme Kwa Mwizi."

"Ndiyo," nikasema. "Kwa Mwizi."

"Panda, mama."

Akanifikisha bila kuuliza njia.